Edward wa Twilight Angetua Kitui, Shosho Angemshtukia Siku ya Kwanza

Kama ulikuwa sekondari ya bweni kati ya 2010 na 2016 hivi, kuna kopi ya Twilight ilipita mikononi mwako. Haikuwa na jalada, kurasa za kwanza zilikuwa zimeng'oka, na jina la mwenye kitabu lilikuwa limefutwa na kalamu mara tatu. Ulipewa usiku mmoja tu, tochi chini ya blanketi, na asubuhi kabla ya prepu lazima ingekuwa imefika kwa msee anayefuata kwa laini. Usijifanye hukusoma. Hata maboy walisoma, venye walikuwa wanaificha ndani ya kitabu cha Bayo.

Kwa wale walikuwa bize na Hesabu, stori iko hivi. Bella Swan ana miaka 17, anatoka Phoenix kwenye jua na kwenda kuishi na babake Forks, mji mdogo kwenye jimbo la Washington kule Marekani, mahali mvua haikati. Shuleni anapata kijana anaitwa Edward Cullen. Mweupe pe, mresh kupita kiasi, gari safi, lakini chakula cha kantini haguzi. Kumbe ni vampaya, mnyonya damu. Familia yake yote ni mavampaya, ila wao wameamua kunywa damu ya wanyama peke yake na kwa utani wanajiita wala mboga. Shida ni kwamba damu ya Bella inamnukia Edward kuliko damu ya mtu mwingine yeyote. Anampenda na anataka kumla, zote mbili kwa wakati mmoja. Stephenie Meyer aliitoa 2005, akasema wazo lilimjia kwa ndoto. Muvi ikafuata 2008 na Kristen Stewart na Robert Pattinson, na kutoka hapo dunia haikupumua.

Mimi ni mtoto wa Kitui nilisoma Makueni, na hiyo kitabu niliisoma Fomu 2. Niliipenda kinoma, hata sasa bado naipenda. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua tangu ile usiku ya kwanza na sikuwa na jina lake. Nilikuwa nasoma nikihisi hii stori naijua. Siku hizi najua ni kwa nini, na ndio nataka tuongee.

Kwanza tucheke kidogo. Edward akikanyaga jua haungui kama vampaya wa kawaida, ngozi yake inametameta kama imepakwa glita. Ndio maana wakina Cullen wanaishi Forks, penye mvua ya karibu milimita 3,000 kwa mwaka na mawingu kila siku. Sasa mlete Mutomo mwezi wa tisa. Mlete Kibwezi saa saba mchana. Sehemu nyingi za Ukambani hazifikishi hata milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua ikija tunaiheshimu hadi tunaipatia watoto kama jina: Wambua, Syombua. Buda angewaka kutoka Januari mpaka Desemba. Siri yake ingeisha kwa wiki moja na angeishia kupigwa picha na watalii pale Nzambani, lile jiwe kubwa karibu na Kitui mjini ambalo wanasema ukilizunguka mara saba, mwanaume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanaume. Na yule dada yake Alice anayeona mambo kabla yatokee? Sisi tulikuwa na Syokimau, nabii wa kike ambaye inasemekana aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini kabla mzungu hajalaza reli. Leo kuna stesheni ya treni yenye jina lake. Alice hana stesheni.

Halafu umri. Edward alizaliwa 1901, akageuzwa vampaya 1918 akiwa anakufa na ile homa kubwa huko Chicago. Piga hesabu. Huyo ni mzee wa zaidi ya miaka 100 anakaa darasani na manzi wa 17. Mtaani tuna jina la mwanaume kama huyo, na tunalisema kila siku kwa redio: mubaba. Tofauti ni kwamba huyu hana kitambi. Na usisahau kwamba alikuwa anaingia kwa dirisha la Bella usiku kumwangalia akilala, bila Bella kujua. Kwenye kitabu hiyo inasomeka kama mapenzi. Kwetu, mwanaume akipatikana dirishani mwa binti ya watu saa nane usiku, asubuhi chifu anaitwa kuchukua mabaki.

Sasa ile stori niliijua.

Shosho wangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu, alikuwa na hadithi moja ya eimu aliyoirudia kila likizo. Eimu ni lile zimwi la hadithi za Wakamba, mla watu, na kila familia inalichora kivyake. La susu lilikuwa hivi. Kuna msichana mrembo kijijini, vijana wote wamejaribu, amewakataa wote. Siku ya ngoma kunatokea kijana mgeni. Hakuna anayejua kwao. Anapendeza hadi ngoma inasimama. Msichana anamfuata usiku huo huo, haulizi ukoo, haagi mtu. Safari inakuwa ndefu, na kadiri wanavyotembea kijana anabadilika kidogo kidogo. Nywele zinasogea na nyuma ya kichwa kunaonekana mdomo wa pili, unakula nzi. Wakifika kwake, nyumba imejaa mifupa.

Susu alikuwa anasimamisha stori hapo, anaongeza kuni, anatuangalia mmoja mmoja.

Umeona? Mgeni mrembo, hakuna anayejua alikotoka, hali mnachokula, anakwambia kwa mdomo wake kwamba ni hatari kwako, na wewe bado unatembea naye kuingia msituni. Hiyo ni Twilight. Ile sehemu Edward anampeleka Bella kwenye uwanja wa maua katikati ya msitu amwonyeshe ngozi yake halisi, susu angeitambua hata akiwa amesinzia. Angesema tu: haya, mdomo wa pili ndio huo. Ila kwa hadithi yetu msichana anatoroka, mara kaka mdogo aliyemfuata kisiri anamsaidia, mara ndege anampa onyo. Kwa Meyer, msichana anabaki. Anabaki na anaomba aumwe.

Hapo ndio nguvu ya kitabu iko, kama unaniuliza. Meyer alichukua onyo la kila shosho duniani akalibinua. Fikiria miaka yote unaambiwa usifuate mgeni, halafu unapata kitabu cha kurasa zaidi ya 400 kinakwambia mfuate, huyu ni tofauti, huyu atajizuia. Kwa msichana wa miaka 15 kwenye bweni lenye vitanda 60 na choo kimoja kinachofanya kazi, hiyo ni tamu kuliko sukari.

Niliisoma na deskimeti wangu. Tulikuwa tunagawana, mimi naanza, yeye ananifuata kurasa 50 nyuma, mchana tunabishana. Nilimuuliza siku moja, ungekuwa wewe ni Bella ungefanyaje siku ile amejua jamaa ni nini? Akaniangalia kama mimi ni mjinga.

"Ningepanda gari."

Muhula wa pili Fomu 3 hakurudi. Hapakuwa na Volvo ya fedha. Kulikuwa na mwanaume mwenye pikipiki na kibanda sokoni, amemzidi miaka 16, ambaye alikuwa anambeba bure kutoka steji mpaka kwao siku za kufunga shule, kilomita nyingi za vumbi. Hakuna mtu anafikiria hiyo ni hatari. Hata mamake alikuwa anamshukuru. Na 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya Korona, redio zikajaa habari za wasichana wamepata mimba, mimi nilikuwa naskiza nikimfikiria yeye. Mwezi wa nane mwaka huo huo Meyer akatoa Midnight Sun, ile stori ya kwanza tena lakini sasa ikisemwa na Edward mwenyewe. Niliisoma kwa simu, pidiefu. Ukiwa ndani ya kichwa cha Edward, mapenzi yanapungua haraka sana. Siku ya kwanza darasani jamaa anapanga vile ataua darasa zima ndio asibaki na mashahidi. Kwa kitabu cha kwanza Bella aliona tu kijana amekunja uso.

Tulikutana Wote, Desemba, siku ya soko. Alikuwa anauza ndengu kwa gorogoro. Tulisalimiana, tukakaa, mtoto wake wa kwanza akiwa amesimama karibu anatuangalia, mrefu tayari. Nilidhani ataniuliza kuhusu chuo, nijipange kumwambia niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa. Akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Zile zingine ulimaliza? Iliisha aje?"

Nikamwambia. Kwamba Bella aliolewa na Edward mara tu baada ya shule, akapata mimba kwa fungate, mimba ikakaribia kumuua, mifupa ikavunjika, wakati wa kujifungua ikabidi Edward amgeuze vampaya ndio asife. Kwamba alipoamka alikuwa mrembo kuliko mtu yeyote, ana nguvu kuliko mumewe, hachoki, hazeeki, na mtoto alikuwa anakua kwa haraka hadi baada ya miezi michache anaongea na kutembea.

Alicheka hadi ndengu zikamwagika.

"Kwa hivyo hakuosha nepi?"

Tukaokota ndengu. Sijui kama nimewahi kusikia uhakiki mzuri wa hicho kitabu kuliko huo.

Sasa usiniskize vibaya. Sisemi kitabu kilimtoa shule. Yule mwanaume angekuja hata kama angekuwa anasoma kamusi. Umbali wa shule ulikuwepo, vumbi lilikuwepo, nauli haikuwepo. Na hadithi ya susu pia ina shida zake, nimekuja kuziona nikiwa mkubwa. Sikiliza vizuri: kosa la yule msichana ni nini? Kwamba alikataa vijana wa kijiji. Kwamba alijiona. Eimu anakuja kama adhabu. Hakuna mtu anauliza kwa nini eimu wanaachwa waje ngomani. Ni ile maneno unaskia mpaka leo kwenye baraza: kwani msichana alikuwa anafanya nini barabarani saa hizo? Kwa hiyo ukinipa Meyer na susu nichague, nachukua onyo la susu, lakini ile lawama namrudishia.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kilinigusa zaidi nilipoirudia Twilight baada ya susu kufa 2019.

Mwaka huo huo, Oktoba, alikufa pia mzee anaitwa John Mbiti. Kama hujui jina hilo hauko peke yako, sisi watu wa Kitui tunajua wasanii wa benga kuliko tunavyomjua. Alizaliwa 1931 Mulango, hapo tu karibu na Kitui mjini, akasoma mpaka Cambridge, akawa padri wa Kianglikana na profesa Makerere. Mwaka 1969 alitoa African Religions and Philosophy, ambayo inasomwa vyuo vikuu dunia nzima. Ndani yake kuna neno ambalo ukiliona mara ya kwanza utadhani ni la muvi ya kutisha: wafu walio hai.

Lakini Mbiti haongelei mavampaya. Anasema kwa Waafrika wengi, na Wakamba ndio anaowajua zaidi, mtu akifa haendi mara moja. Yuko bado, kwenye wakati anaouita Sasa, ili mradi kuna mtu hai anayemkumbuka kwa jina. Anamwagiwa kinywaji kidogo, anawekewa chakula, anatajwa. Anabaki kuwa mtu wa familia. Hii inaweza kwenda vizazi vinne au vitano. Siku yule wa mwisho aliyemjua anakufa, ndipo marehemu anazama kwenye wakati mwingine, Zamani, na anakuwa roho tu, bila jina, mmoja wa aimu.

Soma hiyo tena halafu umfikirie Edward.

Edward ana mwili ambao hauozi. Lakini kila mtu aliyemjua kama mtoto wa Chicago amekufa. Mama yake alikufa na homa ile ile. Kila baada ya miaka michache inabidi familia ihame kwa sababu watu wataona hazeeki, na kule wanakohamia wanaanza upya na uongo mpya. Isipokuwa ndugu zake mavampaya, hakuna anayelijua jina lake la kweli. Kwa hesabu ya Mbiti, huyo mtu alishafika Zamani kitambo, mwili ndio haujapewa habari. Na Bella anapoomba kugeuzwa, hicho ndicho anachonunua, kutokuwa na kaburi ambalo mtu atalitembelea. Meyer mwenyewe anaona bei iko hapo, ndio maana Edward anakataa kwa vitabu vitatu vizima. Lakini mwishoni anamwondolea Bella bei yote, hata baba yake anabaki naye. Hapo kitabu kinanipoteza. Ningetaka alipe.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike anaitwa jina la mama ya baba. Mimi ni wa kwanza. Kwa hiyo watu wa nyumbani wakiniita nikaosha vyombo, ni susu anaitwa.

Na susu aliwahi kunyamaziwa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, anajua majani ya tumbo na ya kikohozi, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mwaka mmoja mtoto wa jirani aliugua vibaya. Kwa wiki mbili hakuna aliyekuja kuchota maji kwenye tangi letu. Hakuna aliyesema kitu, mitungi tu ndiyo ilipita na kwenda mbali. Mtoto akapelekwa hospitali, ikaonekana ni malaria, mitungi ikarudi. Susu aliwafungulia mfereji kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa na miaka 10 na sikuelewa ni nini kilikuwa kimetupita hapo.

Ndio nakuja kwa mambo ya kamuti. Nairobi ukisema tu unatoka Kitui, mtu anavuta kiti nyuma. Kuna utani wa mume na mpango wa kando waliokwama, kuna karatasi za mganga kwenye nguzo za stima, kuna kila mchekeshaji na laini yake. Nimecheka, sikatai, zingine ni moto. Lakini hiyo utani ina kaburi chini yake. Mwaka 1932 mahakama ya koloni iliwahukumu wanaume 60 Wakamba kunyongwa kwa kumpiga hadi kumuua mwanamke mmoja waliyedai ni mchawi, kwamba alikuwa amemroga mke wa mwenzao, Kumwaka wa Mulumbi. Hukumu ya kifo ilibadilishwa baadaye. Mwanamke alikuwa tayari amekufa. Sheria ya Uchawi tuliyonayo mpaka leo, Sura ya 67, ni ya 1925, ilikuwepo hata kabla ya kesi hiyo, na wazee bado wanauawa kwa shutuma hizo hizo, sana sana Kilifi na Kisii. Vampaya wa Marekani ni tajiri wa miaka 17 mwenye gari. Mchawi wa kwetu ni mwanamke mzee asiye na mtu wa kumtetea. Angalia nani anapata kupendwa.

Na hata Marekani kuna watu walilipia. Yule Jacob wa kugeuka mbwa mwitu, Meyer alimfanya Mquileute, na Waquileute ni watu kweli, wana kijiji chao La Push karibu na Forks. Wana simulizi ya asili kwamba watu wao wa kwanza waligeuzwa kutoka kwa mbwa mwitu, kama vile sisi tuna jiwe kule Nzaui, Makueni, ambalo wazee wanasema Mungu alitolea mume na mke wa kwanza. Hayo ya kupigana na mavampaya ni ya Meyer. Wageni walipofurika kutafuta Jacob, wao walikuwa wanahangaika na jambo lingine: shule ya kijiji ilikuwa mahali ambapo tsunami ikija ingezolewa. Sheria ya kuwapa ardhi ya juu ilipita 2012.

Kwa hiyo kama wewe ni mwandishi na unapanga ile Twilight ya Ukambani, na najua uko hapo kwa sababu kila mtu ananiambia ana wazo, tafadhali anza na kitabu kingine cha Mbiti, Akamba Stories, cha 1966. Alikusanya hadithi za nyumbani akiwa bado kijana, na maeimu wamejaa humo. Maktaba kubwa za vyuo huwa nacho. Mimi nakitafuta changu kwa inama bookshop za tao tangu mwaka jana, kila Jumamosi nashuka Tom Mboya nikiinama kama nimepoteza pete. Mpaka sasa nimepata Twilight nne, moja ikiwa na jalada. Hiyo nimeinunua, 150 bob, iko kwa begi inangoja Desemba na gari la Wote.